Kifuko Kisichofumuka

Khavere alikuwa na miwani mpya, na mtu mwenye miwani mpya hutafuta cha kuona. Angekikosa nyumbani kwa mpwa wake Shiundu, angevuka ua akakitafute kwa majirani. Mtaa wenyewe, Tena wa Nairobi, ni wa kuta nyembamba, asingekosa. Lakini hakuhitaji kwenda mbali. Kilikuwa mikononi mwa Kalekye.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Kalekye, mke wa Shiundu kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa ya kukaa tu pamoja, alikuwa amekalia kigoda mlangoni mwa chumba cha kulala, mgongo ameupa dirisha. Hilo peke yake lilimkaza Khavere macho. Mtu anayeshona huutafuta mwanga. Huyu alikuwa ameugeuzia mgongo kama mtu aliyegombana nao.

Mkononi alikuwa na sindano ya kawaida, ile ya kushonea vifungo, na uzi wa pamba aliokuwa ameufumua kutoka kwenye mfuko wa zamani wa unga. Alikuwa anafuma kitu kidogo, si kikubwa kuliko yai la kuku mchanga. Anachoma sindano katika kitanzi, anavuta uzi wote, wote kabisa, mpaka mkono unapaa juu ya kichwa. Anarudi, anachoma kitanzi kinachofuata, mkono unapaa tena. Ukimtazama kwa mbali ungedhani anampungia mtu asiyeonekana. Uzi ulipokaribia kwisha alichukua kipande kingine, akatemea mate kidogo kiganjani, akavisokota viwili hivyo juu ya paja mpaka vikawa uzi mmoja usio na fundo. Na midomo ilikuwa inacheza. Ananong'ona.

"Unafuma nini, mwanangu?" Khavere aliuliza.

Kitu kikatoweka. Kama si miwani, Khavere angeapa hakikuwahi kuwapo.

"Ni uzi tu, Senge. Napoteza wakati."

Senge ni shangazi kwa watu wa Kakamega, na Khavere alikuwa Senge wa Shiundu, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Alikuwa amekuja Nairobi kwa mambo mawili. La kwanza ni macho, na hilo lilikwisha siku aliyopewa miwani. La pili lilikuwa Jumamosi hiyo, safari ya Kitui kwa kina Kalekye, kupeleka mbuzi wa ntheo. Kwa Wakamba, mwanamke akae nawe, akupikie, akuzalie hata timu ya mpira, bila mbuzi hao bado si mkeo. Ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Na kwa kuwa baba ya Shiundu hayuko, msemaji wa ukoo siku hiyo angekuwa Khavere. Akisema twende, mbuzi wanapakiwa. Akisema hatuendi, mbuzi wanarudi sokoni na Kalekye anarudi kwao. Shiundu alilijua hilo, na ndiyo sababu wiki nzima Senge alikunywa chai ya maziwa matupu.

Sasa, usimfanyie Khavere mzaha kwa habari ya nyuzi. Alikuwa fundi. Alikuwa na sindano ya ndoano aliyoinunua mwaka aliobatizwa, na kwa sindano hiyo alikuwa amevisha vitambaa kila kitu katika ukoo ambacho hakikuweza kukimbia. Tangu afike Tena, siku tano tu, redio ilikuwa imevaa, makochi yamevaa, meza imevaa, na jerikeni la maji lilikuwa na kitambaa cheupe chenye maua pembeni, likasimama pale kama bibi arusi mnene. Kwa hiyo alipoona mtu anafuma kwa mwendo asioujua, kwa mate na minong'ono, kisha akaficha, hakuliona kama jambo dogo.

Isitoshe, kulikuwa na Jumapili. Jumapili, baada ya kanisa, Mativo, kaka yake Kalekye, mchonga vinyago kule Majengo, alifika langoni, akakataa kuingia. Alimpa dada yake kijikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, kidogo kama kile cha kufungia dawa. Kalekye akakipokea kwa mikono miwili, akakitia kifuani. Kwa mikono miwili. Mtu anapokea mfuko wa viazi kwa mkono mmoja, anapokea kijikaratasi kwa miwili. Khavere aliliweka hilo akilini, akaliwekea kitambaa.

Jumanne alimwendea Triza. Triza alikaa chumba cha pili kutoka langoni, alikaanga maandazi ya kuuza, na alikuwa mtu wa Butere, kwa hiyo mtu wa nyumbani. Kila alichokisema alikianza kwa kusema hasemi kitu.

"Mimi sisemi kitu, Senge," alisema, akigeuza maandazi. "Wakamba ni watu wazuri. Wanachonga, wanaimba, wana adabu kuliko sisi. Mimi sisemi kitu."

"Sema basi."

"Mchungaji si alihubiri juzi? Mambo ya waabudu shetani. Mikufu, pete, vitu vya kuning'iniza. Sikusema ni yeye."

"Umemwona amekivaa?"

"Nimeona uzi tu shingoni. Unaingia ndani ya blauzi, na mimi siingii ndani ya blauzi ya mtu." Triza alipuliza moto. "Lakini nikuulize, Senge. Shiundu umemlea wewe?"

"Kwa mikono hii."

"Uliwahi kumwona akiosha vyombo?"

Maandazi yalilia kwenye mafuta.

"Basi," Triza alisema. "Sijasema kitu."

Jumatano jioni Khavere aliliona kwa miwani yake mwenyewe. Shiundu alirudi kutoka Industrial Area, ambako alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha sufuria, akavua ovaroli, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa penye bomba la ua, mbele ya watu. Mwanamume wa futi sita, mjukuu wa mtu aliyewahi kumzuia dume la ng'ombe kwa pembe, ameshika sabuni.

"Shiundu."

"Senge."

"Hiyo ni sahani?"

"Ni sufuria. Hiyo miwani walikupimia wewe ama walimpimia mtu mwingine?"

"Mkeo yuko wapi?"

"Kibandani. Wateja wa mboga huja saa hii. Sasa nikae niziangalie sufuria, na mimi ndiye hutengeneza? Hata yeye atashuku nazitengeneza vibaya."

Kwa kawaida Khavere angecheka. Shiundu tangu utotoni alikuwa na mdomo wa kumtoa nyoka shimoni. Lakini siku hiyo alisogea, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mkeo ana kitu shingoni."

"Ana kichwa, Senge. Huwa kinakaa hapo."

"Nauliza kile kilicho kwenye uzi."

Mkono uliokuwa unasugua ukasimama. Ulisimama kidogo tu, pengine mtu mwingine asingeona, kisha ukaendelea kwa kasi zaidi.

"Wacha stori ya uzi, Senge. Ni urembo."

"Urembo huvaliwa nje."

"Haya, ni urembo wa ndani. Jumamosi tuna safari, tusianze kukagua watu kama polisi wa barabarani."

Hakushangaa. Hakuuliza "kitu gani?" Mtu asiyejua huuliza. Kwa hiyo anajua, Khavere aliwaza, au amefungwa mpaka haoni ajabu ya kuuliza, na hilo la pili ndilo baya zaidi.

"Sikiliza, mwana wa ndugu yangu," alisema. "Mimi sitasimama mbele ya wazee wa watu, nimezungukwa na mbuzi, nikamsemea mtu ambaye sijui kama bado ni yeye. Nitajua kile ni nini kabla ya Jumamosi. Nisipojua, mbuzi watalala hapa Nairobi."

Shiundu alichukua sufuria aliyokwisha kuiosha, akaanza kuiosha tena. Katika miaka ishirini na tisa Khavere hakuwahi kumwona akiacha neno lipite bila mzaha. Akazidi kuogopa.

Ijumaa ikaja na nafasi yake. Kalekye alikuwa anakwenda kusukwa kwa Muthoki, msusi wa Umoja, na nywele za kwenda kwenu na mbuzi hazisukwi kwa saa moja. Khavere alikuwa ametega jicho kwenye ufa wa pazia. Alimwona Kalekye akijitazama kiooni, akishika shingo, akiwaza. Kumbe msusi ni msusi tu, ataona uzi, atauliza, na kila kinachoulizwa kwa Muthoki kinajibiwa na mtaa mzima. Kalekye alikivua kile kitu, akakibusu. Khavere aliona hilo vizuri sana. Akakitia chini ya mto.

"Nitarudi saa kumi na moja, Senge. Chakula kiko kwenye sufuria."

"Nenda salama, mwanangu. Mwambie asikaze sana mbele."

Lango lilipogonga, Khavere alihesabu mpaka mia moja kama mtoto anayecheza kibe, kisha akaingia.

Hapa lazima nieleze mpango wake, maana haukuwa mpango wa kijinga. Ulikuwa mpango wa fundi. Kila alichowahi kushona Khavere kwa sindano ya ndoano kilikuwa na mkia mahali fulani. Ukiukosea mstari, unatafuta mkia, unavuta, na vitanzi vinakimbia kimoja baada ya kingine, trrrr, mpaka pale ulipokosea. Kisha unashona upya na hakuna atakayejua. Amefumua hivyo maelfu ya vitanzi maishani mwake. Kwa hiyo angefumua kifuko hiki, angetazama kilichomo, angekishona tena kwa uzi uleule, angekirudisha chini ya mto kabla ya saa kumi. Kalekye asingejua kamwe.

Alikaa dirishani, akaomba sala fupi ya kinga, akakiweka kwenye kiganja. Kilikuwa chepesi. Vitanzi vilikuwa vidogo kama mbegu za mtama, vimepangana duara juu ya duara tangu kitakoni. Mdomo haukuwapo. Mwenyewe alikuwa ameendelea kufuma mpaka juu, akaziba kabisa, kisha uzi uleule ukasokotwa kuwa kamba ya shingoni. Ndani, ukibonyeza, kulikuwa na kitu kigumu.

Akaupata mkia. Akavuta.

Hakuna kilichokimbia. Kifuko kilijikunja kidogo, kama konokono aliyeguswa pembe. Akavuta tena. Kikajikunja zaidi. Akakigeuza, akatafuta mkia wa upande wa pili, akavuta huo, na kifuko kikamkazia kama ngumi. Alichukua sindano yake ya ndoano, akachokoa kitanzi kimoja. Kitanzi kilitoka nje kidogo na jirani yake akaingia ndani. Alitumia meno. Alitumia pini. Aliwaza kutumia Zaburi. Saa saba ikapita, saa nane ikapita, jasho likamtiririka chini ya miwani, na kile kitu cha ukubwa wa yai sasa kilikuwa cha ukubwa wa ndimu, kigumu, kimenuna.

Uzi wa kweli hauwi hivi, aliwaza. Uzi wa kweli hufumuka. Sasa hakuwa na shaka tena. Mkononi mwake alikuwa ameshika kazi isiyo ya mikono ya watu.

Ndipo akachukua makasi.

Alikata mara moja, na hapo hapo akajua amefanya kosa. Vitanzi havikufunguka, vilianguka. Vipande vifupifupi vya uzi vilimwagika mapajani kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi. Hata angekuwa fundi mara saba, vile visingeshonwa tena. Katikati ya vipande kulikuwa na kidonge cha pamba, na alipoitanua pamba hiyo, likamtazama jino.

Jino la mtu.

Kwanza Khavere alipitisha ulimi katika kinywa chake na kuhesabu. Yalikuwa yote, yale yaliyosalia. Halafu akamkumbuka Shiundu. Shiundu ana pengo upande wa kushoto, alisema aling'olewa na kiwiko cha golikipa. Alisema. Basi ndiyo hiyo, wamemfunga kwa jino lake mwenyewe, ataosha vyombo mpaka kufa.

Lakini miwani, ile miwani iliyoanzisha yote, ilikuwa bado usoni. Akalisogeza jino karibu. Lilikuwa dogo mno. Jeupe kama maziwa, na chini halikuwa na mzizi, limelika, limebaki kama kikombe cha mchezo wa watoto. Khavere alikuwa amelea watoto wanne na kurusha juu ya paa meno yao yote ya utoto. Hili halikuwa jino la mwanamume wa futi sita. Lilikuwa la mbele, la chini, lile linalotoka la kwanza kabisa. Linatoka mtoto akiwa na miaka sita. Akichelewa, saba.

Kalekye alikuwa na miaka ishirini na tano, na hapa nyumbani hakuna mtoto.

Shuku haikufa. Ilibadilisha nguo tu. Kumbe si uchawi, ni uongo. Ana mtoto mahali, na kijana wangu anaosha sufuria za mwanamke asiyemjua. Kesho ningesimama mbele ya wazee wa Kitui kama kipofu, miwani au bila miwani.

Hata hivyo mikono yake, hiyo ilikuwa na aibu yake peke yake. Ilichukua uzi mweupe na sindano ya ndoano, ikajaribu kutengeneza kifuko kingine. Saa kumi na moja kasorobo kilichokuwa mezani ni kitu cha maua pembeni, kizuri sana, cha kufaa kufunikia sukari.

Kalekye aliingia, nywele zimesukwa vizuri mistari midogo, ngozi ya uso imevutika mpaka alionekana ameshangaa kabla hajashangaa. Alitazama meza. Aliona vipande vya uzi, aliona kitu cha maua, aliona jino juu ya pamba. Kikapu kikamtoka mkononi polepole mpaka kikafika chini.

"Keti," Khavere alisema.

"Nitasimama, Senge."

"Ni la nani?"

Kalekye alikaza midomo. "Umekikata."

"Nimeuliza ni la nani."

"Nilikifuma siku mbili. Ulingoja nitoke ukakikata kama kitunguu."

"Usinigeuzie maneno. Mimi nimekata uzi. Wewe umekata nini? Mume wako anajua una mtoto?"

Kabla hajajibu, lango liligonga na Shiundu akaingia akipiga mluzi, ovaroli begani. Mluzi ulikufa mlangoni.

"Shiundu, kaa," Khavere alisema. "Kaa, mwana wa ndugu yangu, nikuambie neno gumu. Mkeo ana mtoto."

Shiundu hakukaa. Alilitazama jino, akamtazama mkewe, akapangusa mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa michafu.

"Anaitwa Nzilani," alisema. "Yuko darasa la kwanza. Anapenda samaki, na akinicheka huniita ngazi."

Redio iliyovaa kitambaa ilikuwa ikitangaza vifo. Hakuna aliyeizima.

"Ulijua," Khavere alisema.

"Tangu siku ya kwanza. Kalekye alinieleza kabla hata sijamnunulia soda. Yeye ndiye alitaka uambiwe. Mimi ndiye nilikataa."

"Mimi, Senge yako."

"Wewe, Senge yangu. Unamkumbuka yule wa Patrobas?"

Patrobas alikuwa mtoto wa kwanza wa Khavere mwenyewe. Miaka mitano nyuma alileta nyumbani mwanamke mpole, na mwanamke huyo alikuja na mtoto wa kiume wa miaka mitatu.

"Nilikuwa nafanya mzaha," Khavere alisema haraka, maana alijua kinachokuja.

"Ulimwita kifurushi. 'Mleteeni kifurushi uji. Kifurushi kimelala?' Sisi wote tulicheka, hata mimi. Mpaka siku moja mgeni akamuuliza yule mtoto jina lake, akajibu Kifurushi. Mama yake alikuwa anapepeta mtama. Aliweka ungo chini, Senge. Kesho yake hawakuwako."

Khavere alivua miwani. Bila miwani chumba kikawa ukungu, na hilo lilimsaidia.

"Kwa hiyo mmekuwa mkinificha," alisema. "Chai ya maziwa matupu, huku mnanitazama kama mwizi."

"Tulipanga uambiwe hukohuko, mbuzi wakishaingia zizini," Shiundu alisema. "Mtu hawezi kugeuza mbuzi aliyeshaingia."

"Sikuupenda mpango huo," Kalekye alisema. Sasa alikuwa amekaa, ameliweka jino kiganjani. "Lilimtoka wiki iliyopita. Huko kwetu walitaka alirushe juu ya nyumba ya susu wake, bibi yake, akakataa. Anasema ukirusha jino juu ya paa, jipya linakuja kukutafuta chini ya paa hilohilo. Yeye analitaka la Nairobi. Alimpa Mativo, akamwambia mama aniwekee, asilipoteze, nitakuja kulirusha mwenyewe. Ndiyo nikalifumia. Nikaziba, ili lisitoke."

"Na ulikuwa unanong'ona nini?"

"Nilikuwa nahesabu vitanzi, Senge. Kwa Kikamba. Wewe ukihesabu vyako unanong'ona Kiluhya, mimi nimewahi kusema unaniloga?"

Shiundu alikohoa. Kicheko kilikuwa kimemkwama mahali pabaya.

Khavere akaokota kipande cha uzi mezani, akakiinua, akauliza swali ambalo lilikuwa limemkera kuliko yote tangu saa sita.

"Mbona hakifumuki?"

Kalekye alimtazama, kama anapima kama kuna mtego. Akavuta kitu cha maua, akaushika mkia wake. "Hiki chako kila kitanzi kimeshikwa na mwenzake. Ukivuta mkia, vyote vinakimbia." Akavuta, na maua yakaondoka, trrrr. "Changu uzi mzima umepita ndani ya kila kitanzi, ndiyo maana nainua mkono. Ukitaka kukifumua, lazima urudishe uzi wote kwa sindano, tundu kwa tundu. Kama ni siku mbili ulifuma, ni siku mbili utafumua. Hakuna njia ya mkato."

Yule wa Patrobas, Khavere alitaka kuuliza amekwenda wapi, lakini alijua jibu. Hata Patrobas hakujua.

Akavaa miwani. "Nipe sindano," alisema. "Ile ya vifungo. Nionyeshe. Na wewe Shiundu usisimame hapo kama ngazi, kaoshe vyombo."

Walifuma mpaka chakula kikaiva, kwa uzi mweupe wa Khavere. Hawakuzungumza sana. Walikifanya kidogo, cha jino na pamba yake tu, Kalekye akafuma mwili, Khavere akaziba juu na kusokota kamba. Ukitazama vizuri utaona pale mikono ilipobadilishana, kwa sababu vitanzi vya chini vimepangana kama wanafunzi gwarideni na vya juu vinasimama kama watu waliosikia kuna mkate wa bure. Mate ya kusokotea, Khavere alitema mara moja, akajifuta mdomo, akatazama dirishani kama Triza anaona. Triza alikuwa anaona.

"Nitakivaa mimi," alisema kilipokwisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hakuna aliyekubali haraka pia. Kalekye alikishika kwanza, akakibonyeza kuhakikisha jino limo, ndipo akakitoa.

Kesho yake, Kitui, wazee walikaa upande mmoja na mbuzi wakafungwa upande wa pili, wakilalamika. Khavere alisimama. Shiundu alivitazama viatu vyake. Kalekye, aliyekuwa jikoni na wanawake, aliacha kukoroga sufuria kwa mwiko akasikiliza.

"Wenzangu," Khavere alisema, "nimetumwa nilete mbuzi, na ninyi mnawaona. Lakini kabla kamba haijafunguliwa nina ombi, na nikikataliwa nitaona aibu kurudi. Nimesikia mnaye msichana wenu anaitwa Nzilani. Tumekuja kumwomba mama yake. Mkiona inafaa, tunamwomba na yeye. Mjukuu wangu ana nafasi kule Tena, na jina lake tutamwita lilelile mlilompa."

Wazee walinong'onezana muda mrefu, kama wazee wanavyopaswa. Mmoja wao, mwembamba, alimtazama Khavere kwa jicho moja na kuuliza mbona ombi hili halikuja na mjumbe mapema. Khavere akamwambia mjumbe alichelewa kwa sababu ya macho. Mwishowe mzee alifungua kamba ya mbuzi wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akamwongoza zizini.

Ndipo mtoto aliletwa. Miguu mirefu, gauni la kanisani, pengo chini mbele. Hakukimbilia mtu. Alisimama hatua tatu mbali, akamkagua Khavere kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, na macho yakatua shingoni, ambako kamba ya miwani na kamba ya kifuko zilikuwa zimeshikana.

"Hicho ni nini?" aliuliza kwa Kiswahili cha darasa la kwanza.

"Ni jino lako. Nimekutunzia. Utalirusha mwenyewe kule Nairobi."

Nzilani alikishika kifuko, akakigeuza, akatafuta mdomo wake, asiupate. "Fungua nione."

"Hakifunguki. Kimefumwa hivyo."

Mtoto aliwaza. Akakiweka sikioni, akakitikisa.

"Hakilii," alisema.

"Kuna pamba ndani," Khavere alisema, na ulimi ulikuwa umeshatangulia.

Nzilani alikiachia kifuko taratibu. Alimtazama senge huyu mgeni, macho membamba, kama mtu aliyevaa miwani mpya.

"Kama hakifunguki," aliuliza, "umejuaje?"